Ng'ombe wa Udongo, Askari wa Risasi

Mvua za Aprili zikishika Kitale, mitaro ya mtaa wa Tuwan hutoboka yenyewe na udongo mweusi unaonata hujitokeza kandokando. Kesho yake utawakuta watoto wamechutama hapo, kila mmoja na donge lake. Hawasemi sana. Mmoja anatoa mgongo, mwingine anabana shingo, wa tatu anatafuta mwiba wa kutia pembeni. Kabla ya adhuhuri ukuta wa jirani umejaa ng'ombe wanaoanikwa, wakubwa kama kiganja, wadogo kama kidole gumba.

Mimi nilikulia Kimilili, upande wa Bungoma, kabla mama hajahamia Tuwan, na sisi pia tulifinyanga. Ila ng'ombe wetu walikuwa na nundu. Hatukujua ng'ombe asiye na nundu. Watoto wa Tuwan leo wanafinyanga ng'ombe wa gredi: mgongo umenyooka kama meza, kiwele kimejaa, chuchu nne zimehesabiwa. Wanampaka majivu, kisha mabaka ya makaa yaliyosagwa, unapata yule mweusi kwa mweupe anayekamuliwa kila alfajiri nyuma ya nyumba. Rangi ya tatu ni vumbi la matofali lililokorogwa kwa maji. Kwa vumbi hilo humpata ng'ombe mwekundu wa kienyeji, na huyo bado ana nundu, kwa sababu huyo ni fahali, na fahali yuko pale kwa kazi nyingine.

Kazi yenyewe ni kupigana. Kakamega hawako mbali nasi, na kila mtoto wa upande huu amesikia habari za mafahali wa Isukha na Idakho, wanavyosindikizwa asubuhi kwa ngoma ya isikuti hadi uwanjani. Basi watoto huchora mstari chini, mafahali wawili wa udongo wakaingizwa, vichwa vikasukumana. Sheria ni moja: pembe ikivunjika, umeshindwa. Ndiyo maana pembe ni suala la ufundi. Pembe ya udongo mtupu huanguka kwa msukumo wa kwanza. Fundi hutia mwiba au kijiti cha ufagio ndani, akaufunika kwa udongo mwepesi, akaulainisha kwa mate. Na kabla ya pambano kila fahali hutajwa jina. Hakuna fahali asiye na jina. Ukimleta bila jina watakwambia umrudishe kwanza.

Nimezunguka na jambo hili la jina kwa miaka kadhaa, tangu nilipoona meza nyingine ya vita, mbali sana na mtaro wa Tuwan.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anaishi Nottingham, Uingereza. Alienda kusomea uhandisi akabaki. Nilipomtembelea nilimkuta na meza ndogo dirishani, taa yenye shingo ndefu, glasi ya maji machafu, na safu ya watu wasiozidi kimo cha kidole cha mwisho. Walikuwa wa plastiki ya kijivu, wengine wamepakwa nusu. Nottingham ndiyo makao ya kampuni ya Games Workshop, iliyoanzishwa London mwaka 1975, ambayo mchezo wake wa Warhammer ulitoka mwaka 1983 na ule wa vita vya anga za mbali, Warhammer 40,000, mwaka 1987. Kwa mpwa wangu, kuishi hapo bila kushika brashi ni kama kuishi Kisumu bila kuonja samaki.

Nilikaa naye jioni tatu nikitazama tu. Kijisanamu hukatwa kutoka kwenye fremu yake, mishono ya kiwandani ikakwanguliwa kwa kisu, kisha kikapigwa rangi ya kwanza nyembamba ya kushikilia zile zitakazofuata. Mafundi wa gereji za Kitale wanaopaka matatu wangeitambua mara moja: ni anda koti. Halafu huja rangi za msingi, moja moja, zikiwa zimepunguzwa maji hadi ziteleze. Halafu huja kitu kilichonifurahisha kuliko vyote: rangi nyeusi au ya kahawia iliyolainishwa mno humwagwa juu ya mwili wote, nayo yenyewe hutafuta mikunjo ya nguo, mianya ya vidole, chini ya kidevu, ikatulia humo na kukauka. Kivuli kinajichora. Mwisho mpwa wangu huchukua brashi kavu, huipangusa rangi yake karibu yote kwenye kitambaa, na kile kilichosalia hukipitisha juu juu, kikagusa tu palipoinuka: pua, bega, ncha ya upanga. Mtu wa plastiki ghafla ana mwanga wa jua upande mmoja.

Jioni ya tatu niliuliza, "Huyu unayempaka ni nani?"

"Bado sijajua, khocha," alinijibu. Sisi Wabukusu mjomba tunamwita khocha. "Nikifika machoni nitajua."

Na kweli, alipofika machoni, doa jeupe na nukta nyeusi iliyowekwa kwa ncha ya brashi huku amezuia pumzi, alimtazama kidogo, akaandika jina chini ya kibao cha kusimamia. Hapo ndipo mambo mawili yaliposhikana kichwani mwangu. Ng'ombe wa Tuwan huanza na jina, kisha akapata mwili. Askari wa Nottingham hutoka kiwandani na wenzake elfu wanaofanana naye, na kazi yote ya brashi ni safari ya kumtafutia jina. Wanaodhani kupaka rangi ni kupamba tu hawajakaa kwenye meza hiyo. Saa kumi na mbili za kazi juu ya mtu wa milimita 28 ni namna ya kumtoa katika umati.

Mchezo huu una ukoo mrefu, nao ulianza kwa maofisa kabla ya watoto. Mwaka 1824 jeshi la Prussia liliwafundishia maofisa wake vita kwa vipande vilivyosogezwa juu ya ramani. Lakini kilichofikisha majeshi kwenye sakafu za nyumba za kawaida ni ufundi wa mtu mmoja wa London, William Britain, mwaka 1893. Aligundua kwamba ukimimina risasi iliyoyeyuka katika kalibu, ukangoja ganda la nje ligande, kisha ukamwaga iliyo katikati, unabaki na askari aliye mtupu ndani: mwepesi, wa bei nafuu, na madini yake yanatosha kutengeneza wengine. Kiswahili chetu kimeyabeba mambo yote mawili katika neno moja. Risasi ndiyo madini, na risasi ndiyo inayotoka kwenye bunduki. Nikisema askari wa risasi nimesema askari wa kuchezea na nimesema askari wa vita, na sijui lugha nyingine inayonilazimisha kukumbuka vyote viwili kwa pumzi moja namna hiyo.

Mwandishi H. G. Wells alichapisha mwaka 1913 kitabu cha kanuni za vita hivi vya sakafuni, vikipiganwa kwa mizinga midogo ya springi iliyorusha vijiti vya mbao. Wells alikuwa akiamini kwa dhati kwamba mtu akiisha kucheza vita hivi ataona upuuzi wa vita vyenyewe. Mwaka uliofuata Ulaya iliingia vitani. Sisemi hilo ili kumcheka. Imani yake naiheshimu, na mpwa wangu, ambaye hajawahi kumpiga mtu kofi, ni ushahidi kwamba hakukosea kabisa.

Ila kuna mwaka mwingine ambao mtu wa Bungoma hawezi kuuruka. Miaka miwili tu baada ya askari watupu wa Britain kuingia madukani, yaani 1895, C. W. Hobley, ofisa wa Kiingereza aliyekaa Mumias, aliongoza msafara dhidi ya Wabukusu. Wabukusu walikuwa watu wa ngome. Waliishi ndani ya kuta za udongo zilizozungushiwa handaki, na ngome hizo tuliziita chingoba. Ya Lumboka ilianguka kwanza, kisha ya Chetambe, kwenye kilima kilicho juu ya Webuye ya leo. Udongo uliokuwa umewazuia maadui wa jirani kwa vizazi haukuwazuia hawa waliokuja na silaha za moto. Watu wengi walikufa ndani. Mwaka 1947 Elijah Masinde, kiongozi wa kundi la kidini la Dini ya Msambwa, aliwakusanya wafuasi wake Chetambe kuwakumbuka hao waliouawa, na hata sasa wazee hawapiti pale kwa kelele.

Nimeitaja Chetambe kwa sababu vita vya aina hiyo vimekuwa tawi zima la mchezo wa mezani. Kampuni ya Britain yenyewe mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa ikiuza Wazulu wanaokimbia na mikuki, wawe wa kupigwa. Katika miaka ya 1990 mchongaji Mwingereza Mark Copplestone aliitengenezea kampuni ya Wargames Foundry mfululizo mzima wa vijisanamu vya vita vya Afrika ya kati na mashariki ya karne ya 19, chini ya lile lile jina la kale la Bara la Giza. Humo mna askari wa Kizanzibari, wapagazi, wavumbuzi wenye kofia ngumu, na ruga-ruga, wale wapiganaji wa zama za Mirambo wa Unyamwezi. Nilivitazama kwa mpwa wangu katika picha, kimoja kimoja. Uchongaji wake ni wa hali ya juu, nalisema hilo wazi. Ruga-ruga mmoja alikuwa na mkao wa mtu aliyechoka kutembea, bunduki begani kama jembe, na nilimtambua. Nimemwona mtu huyo kituo cha mabasi cha Bungoma.

Hapo ndipo nadhani tofauti ya mila hizi mbili ilipo, wala haiko kati ya mchezo na sanaa. Katika meza ya ukoloni, upande mmoja hupakwa mtu mmoja mmoja na kupewa vyeo: kapteni huyu, daktari yule. Upande wa pili hupakwa kwa mkupuo, thelathini kwa wakati mmoja, kahawia ile ile, kwa sababu kanuni zinawataka wawe wengi na waanguke haraka. Brashi inaacha kutafuta jina. Nilimwambia mpwa wangu hivyo, akanyamaza muda mrefu, kisha akasema yeye angeanza na kundi hilo la pili, na angemaliza macho ya kila mmoja kabla hajamgusa kapteni. Nilimwamini. Wapo wapakaji wengi wenye moyo huo, na kazi yao haionekani kwa anayepita tu dukani.

Afrika Mashariki ina mila yake ya vijisanamu vilivyopakwa rangi, na hiyo haikuwa ya watoto wala ya mchezo. Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtafiti wa mila katika serikali ya Tanganyika, alitoa mwaka 1956 kitabu kuhusu sanamu za udongo zilizotumika jandoni na unyagoni miongoni mwa watu kama Washambaa na Wazigua. Ni sanamu ndogo, za udongo usiochomwa, zilizopambwa kwa nyeupe, nyekundu na nyeusi. Zipo za watu, za wanyama, za vyombo vya nyumbani. Kila moja ina wimbo wake na fundisho lake, na mwali asiyeujua wimbo hajaiona sanamu hata kama ameishika mkononi. Mwaka huohuo 1956 Audrey Richards alichapisha alichokiona mwaka 1931 kwa Wabemba wa Zambia ya leo: wanawake wakihangaika saa nyingi kufinyanga na kupaka sanamu za mafunzo ya wasichana, kwa rangi zizo hizo tatu, kisha sanamu kubwa kubwa zikivunjwa siku ile ile zilipokamilika.

Mpakaji wa Nottingham akisikia hilo hushika kichwa. Kuvunja? Baada ya kazi yote hiyo? Na mimi, kwa kweli, kwa muda nilikuwa upande wake. Lakini fikiria tena. Sanamu hizo zimekwisha kupita kutoka mikononi hadi kwenye wimbo, na wimbo ndio unaokwenda nyumbani na mwali. Rangi tatu zile za majivu, makaa na udongo mwekundu ndizo hizo hizo za watoto wa Tuwan. Sidai kwamba mila moja imezaa nyingine. Nadhani ni kwa sababu ndizo rangi ambazo jiko na ardhi humpa mtu bure.

Kitale nayo ilikuwa na mkusanyaji wake, na ni aibu kwamba vijana wengi wa Tuwan hupita mlangoni pa jumba lake bila kujua. Mwaka 1926, mwaka ambao reli ilifika Kitale, Leftenanti Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyependa viumbe, alifungua jumba lake mwenyewe la kumbukumbu. Alikuwa ameanza kukusanya tangu utotoni mwake mwishoni mwa karne ya 19: vipepeo, wadudu, ndege, vitabu, vyombo vya wenyeji. Alipofariki mwaka 1966 aliiachia Kenya mkusanyiko huo, na mwaka 1974 jumba jipya lilifunguliwa karibu na barabara ya kwenda Eldoret. Kwa bahati, mwaka 1966 ndio ambao kampuni ya Britain iliacha kutengeneza askari wa risasi, kwa kuwa madini hayo yalikuwa yameonekana kuwa sumu kwa watoto.

Nimesimama mbele ya vipepeo vya Stoneham mara nyingi. Kila kimoja kina pini mgongoni na kikaratasi cha Kilatini chini yake. Kazi hiyo inanigusa, kwa sababu nayo ni kazi ya jina. Mtu anayemtafutia mdudu jina lake kamili, pamoja na kilima alichokamatiwa na tarehe, anafanya jambo linalofanana na la mpwa wangu akiwa kwenye macho. Lakini jina la Stoneham ni la aina nzima. Halimhusu kipepeo huyu. Kwa jirani zetu wa Kipsongo, ambako familia nyingi ni za Waturkana, mwanamume wa kale alijulikana kwa jina la dume wake mmoja tu, rangi yake na pembe zake, na alimwimbia huyo, akawa huyo. Mtoto aliyefinyanga dume kwenye mchanga wa Turkana alikuwa tayari anatafuta atakavyoitwa mwenyewe.

Michezo mingine ya mezani hapa kwetu nayo ina vipande vyake. Huko Tabaka, Kisii, wanachonga sataranji za mawe laini yanayozaa rangi nyeupe, waridi na kijivu, na wafalme wake mara nyingine ni wazee wenye fimbo, na farasi amegeuka twiga. Ni kazi ya kuuza kwa wageni na inastahili makala yake. Na hapa Tuwan, chini ya mwembe wa mafundi, drafti huchezwa kwa vizibo vya soda, upande mmoja umeinama, mwingine umefunua meno. Kizibo hakina jina hata kidogo. Akifika ng'ambo hubebeshwa mwenzake mgongoni, akawa kingi, na watu wakaanza kumwogopa.

Niliporudi Nottingham mara ya pili nilimpelekea mpwa wangu fahali wa udongo. Alikuwa kazi ya mtoto wa jirani yetu wa Tuwan, wa miaka tisa, na jina lake Tingatinga, kwa sababu huku kwetu kwenye mahindi hakuna chenye nguvu kuliko tingatinga. Nilimfunga katika soksi mbili nikamweka katikati ya nguo. Tulipofungua sanduku, pembe ya kushoto ilikuwa imetoka na sikio limekuwa unga.

Mpwa wangu hakusema kitu. Alileta kekee ndogo ya kuzungushwa kwa vidole, akatoboa kishimo kichwani mwa Tingatinga, akatoboa kingine kwenye kitako cha pembe, akakata kipande cha waya wa shaba. Hivyo ndivyo wanavyounga mikono ya askari wao isianguke vitani. Nilicheka kwa furaha, kwa sababu kwenye kishimo kile kulikuwa na ncha ya mwiba iliyobaki. Watu wawili wasiojuana, mmoja Tuwan na mwingine Nottingham, walikuwa wamefikia jibu moja juu ya pembe.

Aliufunika waya kwa plasta laini, kisha akasimamisha kazi. Hakujua pembe ielekee wapi. Pia hakutaka kupaka rangi juu ya vumbi la matofali kabla hajamuuliza mwenyewe. Basi tukampigia simu mama yake mtoto, naye akamwita. Nikamweleza kwamba Tingatinga aliumia safarini, lakini amepata daktari.

"Mnampaka rangi gani?" akauliza.

"Ile uliyompaka wewe. Atabaki mwekundu."

"Sawa. Na pembe?"

"Ndiyo tunayouliza. Tuifanye kama ile ya kulia?"

"Hapana, mzee. Ile ya kushoto iangalie chini. Huyo anapigana akitokea chini. Niliiacha imenyooka kwa sababu miiba iliyopinda ilikuwa imeisha."

Mpwa wangu alichukua koleo, akaukunja waya polepole, nikimshikia simu sikioni ili mtoto amwambie afike wapi.